Kufia mlangoni: siku yangu moja Eyemouth

Hii stori nimekaa nayo tangu Oktoba, kila nikianza kuiandika naifuta, manake naona kama naipunguza. Leo nimesema basi, naiandika ilivyo, ikiwa ndefu mtanisamehe.

Mji wenyewe unaitwa Eyemouth. Ni kamji kadogo ka wavuvi pwani ya mashariki ya Scotland, kule chini kabisa karibu na mpaka wa Uingereza, watu wake ni kama elfu tatu na kitu tu. Mimi nilishuka treni Berwick-upon-Tweed, ambayo tayari ni upande wa Uingereza, nikapanda basi la kama kilomita 13 kurudi kaskazini, njia inakata mashamba halafu ghafla bahari inajitokeza kulia, kijivu, pana, haina mwisho. Siku hizi mtu anaweza pia kushukia stesheni ya Reston, ilifunguliwa tena mwaka 2022 baada ya kufungwa miaka mingi, ila mimi nilitaka kuanzia Berwick, sababu nilikuwa na hamu ya kuuvuka ule mpaka kwa basi.

Jina kwanza. Kuna kamto kanaitwa Eye, wenyewe wanakaita Eye Water, kanashuka kutoka milimani na kuingia baharini pale pale mjini. Kwa hiyo Eyemouth ni pale Eye inapotolea maji yake. Kwa Kiswahili tunasema mlango wa mto. Nimeangalia, Waingereza wao wanasema mdomo, sisi tunasema mlango, na kwa mji huu nadhani lugha yetu ndiyo imepatia zaidi. Mtaona kwa nini.

Nilishuka basi nikaenda moja kwa moja baharini. Kuna ukuta wa pwani na njia ya kutembea, na pale kwenye ukuta kuna sanamu ya shaba, lakini usifikirie sanamu kubwa ya mtu kapanda farasi. Hii ni ndefu kama mita tano, na watu waliomo ni wadogo, ukikunja ngumi unaweza kumfunika mmoja. Wamesimama kwa mstari, wanawake na watoto, mashuka na mitandio yao inapeperushwa na upepo, wengine wameinama, mmoja kamshika mwenzie, kuna mtoto kajificha kwenye sketi ya mama yake, na wote wanaangalia upande mmoja tu, baharini. Msanii ni Jill Watson, ilizinduliwa mwaka 2016. Wajane 78 na watoto 182, wa wavuvi waliokufa baharini siku moja. Ndiyo, kila mmoja yumo, hajaweka wachache wa kuwakilisha wengine. Nilianza kuwahesabu nikafika arobaini na kitu macho yakawa yamejaa maji nikaacha. Upepo pia ulichangia lakini si upepo peke yake.

Hao ni wa Eyemouth tu. Ukijumlisha na vijiji vya jirani wajane wanafika 93 na watoto 267.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 14 Oktoba 1881.

Sasa ngoja nieleze vizuri maana hapa ndipo wengi wanapita haraka, wanasema dhoruba ilikuja ikaua wavuvi, basi. Hapana. Wiki nzima kabla ya hapo hali ya hewa ilikuwa mbaya na mashua hazikutoka. Na msimu wenyewe ni wa hadoki, huyo samaki mweupe wa maji baridi, anavuliwa kwa mishipi mirefu, kila mshipi una ndoana mamia kwa mamia, na kila ndoana inatakiwa chambo, na chambo ni kome. Nani anachokonoa kome kwenye magamba yake na kuzivika kwenye ndoana moja moja? Wanawake na watoto. Usiku, asubuhi, mikono imepasuka kwa baridi na chumvi. Mke wa mvuvi kule hakuwa mtu wa kusubiri nyumbani, alikuwa nusu ya kazi nzima, wengine walikuwa wanawabeba waume zao mgongoni kuwavusha maji ya pwani mpaka kwenye mashua ili wasianze siku na miguu iliyolowa. Kwa hiyo wiki nzima chambo kimeshatengenezwa na kinaharibika, kome zinaoza, hakuna shilingi iliyoingia, watoto wanataka kula.

Asubuhi ya Ijumaa bahari ikaamka imetulia kabisa. Jua, anga safi. Lakini barometa, kile chombo cha kupima hewa ambacho kikishuka ujue dhoruba iko karibu, ilikuwa imeshuka chini sana, chini kupita kiasi, na wazee wa bandarini waliiona na hawakuipenda. Wakasimama pale gatini wanabishana, tutoke tusitoke. Naweza kuwaona kabisa. Mmoja anaangalia kile kioo, mwingine anaangalia anga, mwingine anafikiria deni la dukani. Na kuna jambo la wavuvi popote pale duniani, mmoja akitoka wengine hawawezi kubaki, maana akirudi na samaki utamwangalia mkeo usoni vipi? Mmoja akatoka, basi wote wakatoka.

Kama saa sita mchana kukawa giza. Si mawingu ya kukusanyika taratibu, ilikuwa kimya cha ghafla halafu upepo ukapiga kama ukuta umewaangukia. Mashua zilikuwa mbali nje na mishipi iko majini. Nyingine zilipinduka hapo hapo na hakuna aliyerudi kusimulia. Nyingine zikakata mishipi zikageuza omo kuelekea nyumbani, kwa sababu ndivyo mtu yeyote angefanya, ukiona mauti unakimbilia kwenu.

Na hapo ndipo mlango.

Mbele ya bandari ya Eyemouth kuna miamba inaitwa Hurkar. Ukisimama kwenye ukuta unaiona vizuri, maji yakipwa inajitokeza nyeusi, maji yakijaa unaona povu tu. Bandari yenyewe wakati ule ilikuwa na kina kidogo na mlango mwembamba, mashua kubwa ilikuwa inaingia kwa kusubiri maji. Siku ya kawaida unasubiri, hakuna shida. Siku ya tufani huwezi kusubiri, na nafasi ya kupita katikati ya miamba ni ndogo, na wimbi moja tu linakutoa kwenye njia. Zipo zilizofanikiwa kuingia. Nyingine zilivunjika kwenye miamba ile, na watu walikuwa wamejaa ufukweni wanaangalia. Wake zao. Mama zao. Watoto. Umbali ambao unaweza kumtambua mtu kwa sweta lake. Unamuona ameshika mlingoti, unamuita jina, halafu humuoni tena.

Nimesimama pale nikapima kwa macho. Ni karibu jamani. Ni karibu mno. Mimi nilidhani ni kitu cha mbali kwenye upeo wa macho, kumbe ni hapo, kama mtu anakufa ng'ambo ya barabara.

Watu 189 walikufa siku ile pwani ile. Wa Eyemouth peke yao 129. Burnmouth, kijiji kilicho chini ya jabali hapo jirani, walipoteza 24. Newhaven 15, Cove 11, Fisherrow 7, St Abbs 3. Cove hebu fikiria, ukikitembelea sasa ni nyumba chache na gati dogo, watu kumi na mmoja pale ni kama wanaume wote wa pale.

Lakini kuna mashua moja inaitwa Ariel Gazelle, na hii ndiyo imenifanya nisilale. Wao hawakukimbilia bandarini. Nahodha aliamua kubaki nje, kuikabili bahari mbali na nchi kavu, mbali na miamba, wakapambana na yale mawimbi usiku ule na mchana uliofuata na usiku mwingine tena. Mjini walishawahesabu kuwa wamekufa. Jumapili Ariel Gazelle ikaingia bandarini, watu wote wazima. Hebu jaribu kupata picha ya mji ambao kila nyumba ina msiba, mapazia yamefungwa, halafu mtu anapiga kelele kwamba kuna tanga linakuja. Nani ametoka nje mbio? Wote, nadhani. Kila mmoja akiomba iwe ni ya kwake. Na ilikuwa ni ya familia chache tu.

Yaani waliokimbilia nyumbani ndio walikufa mlangoni, na walioikimbia nyumbani ndio walirudi. Sijui nilipeleke wapi hili, nimelibeba tu.

Sasa swali ambalo nilikuwa najiuliza pale kwenye benchi, kwa nini mji unaoishi kwa uvuvi miaka mia saba una bandari ambayo inaua watu wake? Mbona hawakuitengeneza? Na hapa ndipo historia ya nyuma inaingia, na mimi historia hii imenikasirisha kweli.

Kanisa. Tangu enzi za watawa wa Coldingham, ile nyumba ya watawa Wabenedikti iliyoko kilomita chache kutoka hapo, Eyemouth ilikuwa kama bandari yao, na wavuvi walikuwa wanatoa fungu la kumi la samaki. Watawa wakaondoka, dini ikabadilika, Scotland ikawa ya Kiprotestanti, lakini fungu la kumi halikuondoka. Mpaka karne ya 19 mvuvi wa Eyemouth bado alikuwa anadaiwa zaka ya samaki kumlipa mchungaji wa kanisa rasmi, wakati vijiji vingine vya wavuvi vya Scotland vingi vilishaachana na habari hiyo. Na ilipofika mwaka 1843 kanisa la Scotland likapasuka, watu wengi wakahamia Kanisa Huru, kwa hiyo mtu anatoa samaki kumlipa mchungaji wa kanisa ambalo hata haendi kusali.

Akatokea mvuvi mmoja anaitwa William Spears, watu walimuita kwa jina la ndege, yule mdiria, Kingfisher. Huyu ndiye aliyesimama akasema hatulipi. Ikawa migomo, ikawa vurugu, ikawa mahakamani, miaka na miaka. Mwisho mwaka 1864 wakakubaliana kwamba wavuvi wajinunue, walipe pauni 2,000 na zaka ife moja kwa moja. Pauni 2,000 za wakati ule, kwa watu wanaoishi kwa ndoana. Wakazilipa. Walikopa, wakawa na deni, na miaka yote hiyo ya ugomvi na deni ndiyo miaka ambayo sehemu nyingine za pwani zilikuwa zinajengewa bandari za maana. Eyemouth ikabaki na mlango wake ule ule mwembamba.

Kuna wanahistoria wameandika sana juu ya uhusiano huu, na mimi baada ya kuuona ule mlango kwa macho nawaunga mkono. Bahari ndiyo iliyoua, sikatai. Ila kuna mkono wa mtu humo ndani. Huwezi kuniambia watu walipie samaki wao miaka mia kadhaa kwa ajili ya mahubiri halafu siku wanapotaka mita chache za kina ziwaokoe hakuna pesa.

Spears hajasahaulika, ana sanamu yake mjini. Alikuwa bado hai siku ya ile Ijumaa, alifariki 1885. Najiuliza alikuwa anafikiria nini miaka ile minne. Alishinda vita, halafu akaona vile.

Baada ya maafa mchango ulifanyika nchi nzima, mpaka malkia Victoria alitoa, zikapatikana zaidi ya pauni 50,000. Hela nyingi sana. Wajane wakawa wanalipwa kidogo kidogo kwa wiki na watoto pia mpaka wafikie umri wa kujitegemea. Hilo nashukuru kusema lilifanyika. Lakini uchungu wangu ni kwamba thamani ya mtu ilipatikana haraka baada ya kufa, na kina cha bandari ambacho kingekuwa rahisi zaidi hakikupatikana alipokuwa hai. Kazi ya kuitengeneza bandari ilikuja baadaye, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ndiyo ikapewa kina cha kweli.

Haya, nimeanza kwa msiba na nimekaa hapo hapo, lakini mji una mengine na sitaki mtu afikiri ni mji wa makaburi tu.

Ng'ambo ya bandari, juu ya gati, kuna jumba moja linaitwa Gunsgreen House. Jengo zuri la mawe, limesimama peke yake, limenyooka, linaangalia mji wote kama bwana harusi. Lilijengwa mwaka 1753 na mfanyabiashara anaitwa John Nisbet, mchoraji wake ni John Adam, wa ile familia maarufu ya wasanifu majengo ya Scotland. Unajiuliza mfanyabiashara wa mji wa wavuvi alipata wapi hela ya kumuajiri Adam? Chai! Magendo ya chai.

Zamani hizo chai ilikuwa inatozwa ushuru wa ajabu Uingereza na Scotland, ushuru ulizidi hata bei ya chai yenyewe, kwa hiyo chai ya magendo ndiyo watu wengi walikuwa wanakunywa. Nisbet alikuwa anaagiza yake kutoka Gothenburg, Sweden, kule Waswidi walikuwa na kampuni yao ya kuleta mzigo kutoka Uchina. Meli inavuka bahari ya Kaskazini, mzigo unashushwa usiku, unaingia ndani ya nyumba, na nyumba imetengenezwa kwa kazi hiyo hiyo. Walipoikarabati waligundua ndani ya ukuta kuna bomba la kumwagia chai, unafungua sehemu ya ukuta inayofanana na ukuta wa kawaida, unamwaga chai, inashuka na kukaa humo kwenye giza. Nimeiona hiyo sehemu. Yaani mzee alikuwa na ghala ndani ya ukuta wa nyumba yake, mgeni kakaa sebuleni anasifia rangi hajui nyuma ya mgongo wake kuna nini.

Mwaka 1784 serikali ikashusha ushuru wa chai kutoka asilimia 119 mpaka 12.5, na biashara ya magendo ya chai ikafa kwa sahihi moja ya karatasi. Nisbet naye mwisho alifilisika, nyumba ikatoka mikononi mwake. Siku hizi ni nyumba ya makumbusho kwa chini.

Miaka mitatu baada ya ushuru kushushwa, Mei 1787, alipita mshairi Robert Burns, alikuwa kwenye safari yake ya kuzunguka nchi za mpakani, akalala Eyemouth na wenyeji wakampokea katika chama cha Wamasoni wa pale, na kwa heshima ya ushairi wake hawakumtoza ada. Mwenzake aliyekuwa naye safarini alilipa. Hii nimeipenda, mji wa watu wagumu wa chumvi na magendo wanamwambia mshairi wewe pita bure.

Kwenye rasi inayofunga ghuba upande wa kaskazini kuna majani tu na matuta. Ukitembea unaona ni matuta tu kama mashimo ya zamani, kumbe ni ngome. Waingereza waliijenga mwaka 1547, ya mtindo wa Kiitaliano wenye pembe kali za kukwepesha mizinga, miongoni mwa za mwanzo kabisa za aina hiyo Uingereza na Scotland. Wakakubaliana amani, ikabomolewa. Wafaransa waliokuwa wanaisaidia Scotland wakaijenga tena 1557, amani nyingine ikaja, 1559 ikabomolewa tena. Sasa hivi mbwa wanakimbia juu yake. Ukisimama pale unaona mji wote mara moja, gati, Gunsgreen, na ile miamba ya Hurkar, kwa hiyo hata ukijaribu kufikiria mambo ya mizinga macho yanarudi kwenye miamba.

Makaburi ya zamani nayo nilipita. Kuna jiwe la kumbukumbu la wale wa 1881 lenye mlingoti uliovunjika. Na pembeni kuna kajumba kadogo ka ajabu, kamejengwa kwa mawe ya makaburi yenyewe, mwaka 1849, mwaka wa kipindupindu, mawe ya zamani yaliondolewa ili eneo litumike upya na badala ya kuyatupa wakayajengea ukuta. Ukisogea karibu unaona mafuvu yaliyochongwa na herufi za majina ziko ubavuni mwa ukuta. Kuna uzito fulani pale.

Mchana nilikaa gatini nikila samaki na chipsi, hadoki bila shaka, na sili, wale wanyama wa baharini, wanakuja mpaka chini ya ukuta wanatoa vichwa majini kama watu wanaoogelea, macho makubwa meusi, wamezoea kulishwa na wageni. Mzee mmoja alikuwa amekaa na mbwa wake karibu yangu, mvuvi mstaafu, nikamsalimia akaitikia vizuri, tukaongea kidogo. Lahaja yake ni nzito mpaka nilikuwa naomba arudie. Nilimuuliza kama ni kweli kuna maneno hayatamkwi kwenye mashua, maana nilisikia kwamba wavuvi wa pwani hii ya mashariki hawamtaji nguruwe wala mchungaji wakiwa baharini, na samaki aitwaye salmoni wanamwita tu samaki mwekundu, na mtu akiteleza akasema, wote wanakimbilia kushika chuma. Akatabasamu, hakunijibu moja kwa moja, akaniambia baba yake alikuwa akikutana na mchungaji njiani asubuhi anarudi nyumbani, siku hiyo haendi kuvua. Baada ya habari ya ile zaka, hilo la mchungaji halikunishangaza hata kidogo.

Nikamuuliza na ile Ijumaa. Akakaa kimya. Halafu akasema, pale kwetu hatusemi maafa ya 1881, tunasema tu Maafa. Akaonyesha kwa kidevu upande wa miamba, akamvuta mbwa wake, akaenda zake. Sikumfuata na swali lingine.

Kuna kazi moja ya wanawake wa mji ambayo lazima niitaje. Mwaka 1981, miaka mia baada ya tukio, wanawake wa pale walishona kitambaa kikubwa cha kumbukumbu, kina urefu wa mita nne na nusu hivi, na inasemekana kina mishono karibu milioni moja. Ndani yake kuna majina ya waliokufa, mashua, kome, mishipi, ramani ya pwani. Milioni moja! Bibi zao walivika chambo kwenye ndoana kwa vidole, wao wakaingiza uzi kwenye kitambaa kwa vidole vile vile. Kwangu mimi hakuna sanamu ya jenerali yeyote inayofikia hapo.

Na mji haujakufa. Kila mwaka mwezi wa saba wana sherehe ya Malkia wa Heringi, heringi ni samaki wa kule, imeanza 1939, msichana mmoja wa sekondari anachaguliwa, anakuja kwa mashua kutoka St Abbs mpaka Eyemouth akisindikizwa na mashua zote za uvuvi zimepambwa bendera. Yaani binti anaingia kwa njia ile ile, anapita pembeni ya miamba ile ile, na watu wamejaa ufukweni pale pale wanamsubiri. Sijaiona bado lakini nimeapa mwaka mmoja nitaenda Julai.

Heringi wenyewe walishapungua siku nyingi. Sasa hivi wanavua zaidi kamba na kaa na kamba-koche. Bahari kati ya St Abbs na Eyemouth imetengwa tangu 1984 kwa hiari ya wenyeji kama eneo la hifadhi, wapiga mbizi wanatoka mbali kuja kuzama pale, maji ni baridi lakini wanasema chini ni pazuri mno. Na kazi mpya iliyoingia bandarini ni ya umeme wa upepo. Kuna shamba la mitambo 54 ya upepo baharini, Neart na Gaoithe, jina la Kigaeliki lenye maana ya nguvu ya upepo, na kituo chake cha matengenezo kipo hapo hapo bandarini Eyemouth. Vijana wanatoka asubuhi na boti kwenda kuihudumia mitambo hiyo. Nilikaa na hilo neno muda mrefu, nguvu ya upepo, katika mji huu kati ya miji yote.

Kabla ya basi la mwisho nilirudi tena kwenye ile sanamu. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mji kwa hiyo wale wanawake wadogo wa shaba walikuwa kwenye kivuli na bahari mbele yao ndiyo ina mwanga. Niligundua kitu ambacho asubuhi sikukiona, watoto wengine hawaangalii baharini, wanaangalia nyuso za mama zao, wanasoma pale kama baba anarudi.

Boti moja ya kuvua kamba ilikuwa inaingia. Ndogo, ya buluu, watu wawili. Maji yalikuwa yamejaa. Nikajikuta nimesimama nimeshika ukuta, naitazama inapita upande wa Hurkar, inapunguza mwendo, inaingia kwenye mlango. Kijana mmoja aliyekuwa mbele akarusha kamba, mwenzake gatini akaidaka.